Tai ya 1804 iliyogongwa 1834: kisa cha zawadi ya Sayyid Said

Januari 2021 sarafu moja ya dhahabu ya Marekani, ya dola 10, ilinunuliwa mnadani kwa dola 5,280,000. Imeandikwa mwaka 1804, lakini mwaka huo sarafu hiyo haikuwapo. Ilitengenezwa miaka 30 baadaye ndani ya kiwanda cha sarafu cha serikali mjini Philadelphia, na mafundi wa serikali, kwa agizo lililotoka kwa Rais Andrew Jackson. Si bandia, basi. Na agizo lenyewe lilitaja watawala wawili wa kupelekewa zawadi: mfalme wa Siam, nchi ambayo leo ni Thailand, na Sultani wa Maskati. Sultani huyo ni Sayyid Said bin Sultan, yule yule aliyehamishia makao yake Unguja na kuhimiza kilimo cha mikarafuu visiwani.

Wapenzi wa sarafu wanaufahamu zaidi mkasa wa dola ya fedha ya 1804, iliyotengenezwa wakati huo huo na kwa shughuli ile ile. Imeandikwa sana, na kila inapouzwa bei yake hutangazwa magazetini. Mimi naona Tai ya dhahabu, kama sarafu ya dola 10 inavyoitwa, ndiyo yenye mengi zaidi ya kumfundisha mtu anayetaka kujua kusoma sarafu. Hakuna dola ya fedha yenye mwaka 1804 iliyogongwa mwaka 1804, hivyo huna ya asili ya kuilinganisha nayo. Tai inayo. Ziko zilizogongwa kweli 1804, na ziko hizi chache za 1834 zenye mwaka ule ule. Ukiziweka mezani pamoja, dhahabu yenyewe inaanza kutoa ushahidi kabla hujafungua barua hata moja.

Tai za mwanzo na tofauti zake

Sheria ya sarafu ya Marekani ya tarehe 2 Aprili 1792 iliipa Tai uzito wa greni 270, yaani kama gramu 17.5, na ndani yake greni 247.5 za dhahabu safi. Hiyo ni dhahabu ya karati 22. Chini yake kulikuwa na Nusu Tai ya dola 5 na Robo Tai ya dola 2.50. Nusu Tai ndizo zilizotangulia, zikatoka kiwandani mwishoni mwa Julai 1795, na Tai zikafuata Septemba mwaka huo. Michoro ilikuwa kazi ya Robert Scot. Upande wa kichwa alimweka mwanamke anayewakilisha uhuru, amevaa kofia laini ya kitambaa, nyota zimemzunguka na mwaka uko chini. Upande wa pili alisimama tai mwembamba juu ya tawi la mtende, ameshika shada mdomoni. Mwaka 1797 Tai zikapata mchoro mpya upande huo: tai mkubwa wa nembo ya taifa, mwenye ngao kifuani, mishale na tawi makuchani. Thamani haikuandikwa popote. Mtu aliijua Tai kwa ukubwa wake na kwa mzani.

Kinachowafanya wakusanyaji wazipende mno sarafu za miaka hiyo ni jinsi mihuri ya chuma ya kugongea ilivyotengenezwa. Fundi alizigongelea nyota moja moja, herufi moja moja na tarakimu moja moja, kwa mkono na kwa jicho lake. Kwa hiyo kila muhuri ulitoka na sura yake, na sarafu zilizotoka kwenye muhuri huo zilirithi sura hiyo. Tai nyingi za 1795 zina majani 13 kwenye tawi la mtende, lakini chache zina 9 tu, na hizo hutafutwa kwa udi na uvumba. Tai za 1796 zina nyota 16 kwa kuwa Tennessee ilijiunga na muungano Juni mwaka huo ikiwa jimbo la 16. Za 1798 zilitokana na mihuri ya 1797 iliyorekebishwa, na tarakimu 8 imegongwa juu ya 7. Baadhi yake zina nyota 9 kushoto na 4 kulia, nyingine 7 kushoto na 6 kulia, na za pili hizi ni adimu sana. Kuna hata muhuri mmoja wa 1803 ambao fundi aliweka kinyota cha 14 kilichozama mawinguni juu ya kichwa cha tai. Usipokuwa na lenzi hukioni kabisa.

Hapa lipo jambo la kulishika kabla hatujafika 1834. Hata katika miaka hiyo ya mwanzo, mwaka ulioandikwa kwenye sarafu haukuwa shahidi wa kuaminika. Chuma kizuri cha kutengenezea mihuri kilikuwa kigumu kupatikana, na muhuri ambao haujapasuka haukutupwa. Homa ya manjano iliufunga mji wa Philadelphia, na kiwanda pamoja nao, mara kadhaa kati ya 1797 na 1799. Kazi iliporudi, mihuri ya zamani ilitumika pamoja na mipya. Ndiyo maana ziko Nusu Tai zenye mwaka 1795 upande mmoja na tai mkubwa wa nembo upande wa pili, mchoro ambao mwaka 1795 ulikuwa bado haujawekwa kwenye sarafu za dhahabu. Ziligongwa miaka miwili au mitatu baadaye kwa muhuri wa zamani. Hakuna aliyekusudia kumdanganya mtu. Kiwanda kilikuwa kinabana matumizi.

Mwisho wa 1804 Tai ikasimamishwa, kwa sababu ya hesabu ya soko. Sheria ya Marekani iliipima dhahabu kuwa na thamani ya mara 15 ya fedha kwa uzito ule ule, wakati Ufaransa, kwa sheria yake ya 1803, iliipa mara 15.5. Mfanyabiashara mwenye akili alikusanya dhahabu Marekani, akaipakia melini, akaiuza Ulaya kwa faida. Kiwanda kikawa kinachoka kutengeneza sarafu ambazo wananchi hawazioni. Kwa jumla Tai zilizogongwa kati ya 1795 na 1804 zilikuwa zaidi kidogo ya 130,000, na nyingi ziliyeyushwa. Sarafu hiyo haikurudi kwenye mzunguko hadi 1838, ikiwa na sura mpya ya Christian Gobrecht.

Tarakimu 4

Sasa tuziangalie Tai mbili za 1804. Huhitaji zaidi ya picha kubwa safi na lenzi ya mkono.

Kwenye ile ya kawaida, tarakimu 4 ina msalaba. Mstari wake wa kulala unakwenda kulia, unakata ule wa kusimama, na nchani mwake umewekewa kikato kidogo kilichosimama, kama fundi alivyozoea kumalizia herufi zake. Kwenye ile ya pili mstari huo unaishia hivi hivi, hauna kikato chochote. Wakusanyaji huziita 4 yenye msalaba na 4 tupu. Mtu asiyejua ataona ni tofauti ndogo mno ya kubishania. Lakini tarakimu zilitoka kwenye vyuma vyake maalumu vya kupigilia, na chuma kimoja kilitumika kwa mihuri mingi. Ukiiona 4 ya namna nyingine, umeona mkono mwingine au wakati mwingine.

Peleka lenzi ukingoni. Tai za Scot zina pembizo ya meno marefu membamba yanayoelekea katikati ya sarafu, mara nyingi hayalingani, upande huu yamejaa na upande ule yamefifia. Tai yenye 4 tupu imezungukwa na shanga za mviringo zilizopangika, na nje yake ukuta ulioinuka sawasawa. Ukuta wa namna hiyo hutokea sarafu inapogongwa ikiwa imebanwa ndani ya pete ya chuma, ili dhahabu isitambae pembeni. Kiwanda cha Philadelphia kilianza kutumia pete hiyo pamoja na pembizo ya shanga kwenye senti 10 za mwaka 1828, na mwaka uliofuata kwenye Nusu Tai. Mwaka 1804 ufundi huo haukuwapo katika jengo lile.

Halafu tazama uso wenyewe. Unang'aa kama kioo, na michoro imesimama juu yake wazi na kwa rangi iliyopoa kidogo. Hii ni sarafu ya onyesho, iliyogongwa kwa mihuri iliyosuguliwa na kwa uangalifu wa pekee. Tai za kawaida za 1804 zilitengenezwa ziende benki.

Kwa ushahidi huu peke yake, mtu makini angeweza kusema kwamba mihuri ya sarafu hii ilichongwa baada ya 1828. Hilo ndilo linalonivutia kwenye kisa chenyewe. Watu hudhani barua za serikali ndizo zilizofumbua fumbo, wakati sehemu kubwa ya jibu ilikuwa juu ya sarafu tangu mwanzo. Barua zilikuja kusema ni nani aliyeagiza na kwa ajili gani.

Edmund Roberts na mkataba wa Maskati

Edmund Roberts alikuwa mfanyabiashara wa Portsmouth, New Hampshire, aliyekuwa amepata hasara nyingi za baharini. Alifika Unguja na bidhaa zake, na mwanzoni mwa 1828 akapata nafasi ya kuonana na Sayyid Said, ambaye wakati huo alikuwa kwenye mapambano yake na Wamazrui wa Mombasa. Roberts alilalamikia masharti yaliyowabana wafanyabiashara wa Kimarekani bandarini. Sayyid hakumpuuza. Alionyesha kwamba angependa kuwa na mkataba na serikali ya Marekani, na Roberts akarudi kwao na habari hiyo.

Wamarekani walikuwa na sababu ya kusikiliza. Meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zimeanza kujaa bandari ya Unguja, zikishusha kile kitambaa kigumu cha pamba ambacho mpaka leo kinaitwa marekani, na kupakia pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Biashara ilikuwapo, mkataba haukuwapo. Roberts alifahamiana na Levi Woodbury, mtu wa New Hampshire aliyekuwa Waziri wa Jeshi la Majini, na kwa njia hiyo jambo likamfikia Rais Jackson. Mwaka 1832 Roberts akapandishwa manowari ya Peacock, akiwa mjumbe maalumu. Machi 1833 alitia saini mkataba na Siam mjini Bangkok, na tarehe 21 Septemba 1833 akatia saini mwingine Maskati na Sayyid Said.

Mkataba wa Maskati uliwaruhusu Wamarekani kufanya biashara katika bandari zote za Sayyid kwa ushuru wa asilimia 5 ya shehena iliyoshushwa. Kuna kifungu kimoja ninachokipenda kuliko vyote. Rasimu iligusa gharama za kuwatunza mabaharia wa Kimarekani watakaovunjikiwa chombo kwenye pwani za Sayyid, na zingerudishwaje. Sayyid alikataa kurudishiwa chochote. Mkataba ukaandikwa kwamba wapokewe na kutunzwa kwa gharama yake mwenyewe mpaka wapate njia ya kurudi kwao. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba kifungu hicho kingehitajika kabla zawadi za mkataba hazijafika.

Roberts alirejea Marekani 1834 na Baraza la Seneti likauridhia mkataba Juni mwaka huo. Ikabaki kuurudisha Maskati na Bangkok ili hati zibadilishane mikono, na hapo hakuna anayekwenda mikono mitupu kwa mfalme. Tarehe 11 Novemba 1834 Waziri wa Mambo ya Nje, John Forsyth, alimwandikia mkurugenzi wa kiwanda cha sarafu, Samuel Moore, kwamba Rais ameagiza seti kamili ya sarafu za Marekani ipelekwe kwa mfalme wa Siam na nyingine kwa Sultani wa Maskati. Sarafu ziwe za kila aina inayotumika wakati huo, za dhahabu, za fedha na za shaba. Alitaja hadi visanduku: viwe vidogo, vitengenezwe kwa ustadi, kimoja kivikwe ngozi laini ya rangi ya manjano na kingine nyekundu.

Walichokifanya Philadelphia

Agizo linaonekana jepesi mpaka ukae mahali pa Moore. Kila aina inayotumika. Kwa sheria, dola ya fedha na Tai zilikuwa bado ni sarafu halali za nchi. Kwa vitendo, hakuna hata moja iliyokuwa imetengenezwa kwa miaka 30. Na mwaka huo huo mambo yalikuwa yamebadilika: sheria mpya ya dhahabu ya 1834 ilipunguza dhahabu ya kila dola, ikaanza kutumika mwanzoni mwa Agosti. Tai ya zamani, yenye greni zake 247.5 za dhahabu safi, sasa ilikuwa na dhahabu ya thamani ya kama dola 10 na senti 66. Mwenye nayo alifaidika kwa kuipeleka kuyeyushwa. Mafundi wale wale walioagizwa kutengeneza zawadi walikuwa wanapokea sarafu za zamani na kuzitia kwenye moto.

Walifungua vitabu vya kiwanda. Vitabu vilionyesha kwamba Tai za mwisho na dola za fedha za mwisho zilitoka mwaka 1804. Wakatengeneza mihuri mipya yenye mwaka huo. Kwa dola ya fedha vitabu viliwapoteza: dola 19,570 zilizoandikwa kwamba zimetoka 1804 ziligongwa kwa mihuri ya miaka ya nyuma, kwa hiyo walizalisha sarafu ambayo haikuwahi kuwako. Kwa Tai vitabu vilikuwa sahihi. Walichokitengeneza ni toleo jipya la sarafu iliyokuwa imekwishatolewa, isipokuwa chuma cha tarakimu 4 hakikuwa kile, na pembizo waliitengeneza kwa ufundi wa siku zao.

Msimamizi wa ugongaji alikuwa Adam Eckfeldt, aliyekuwa kiwandani hapo tangu miaka ya 1790. Yaani Tai za 4 yenye msalaba zilipogongwa alikuwapo, na za 4 tupu zilipogongwa alikuwapo pia, safari hii akiwa ndiye mkuu wa kazi. Mtu huyu alijua Tai halisi inafananaje. Ninavyoelewa mimi, yeye na Moore hawakuwa wanaigiza ya zamani ili mtu adanganyike. Kama wangetaka hivyo, pete na shanga zingekuwa kitu cha kwanza kuepukwa. Walitaka zawadi iwe nzuri kadiri ufundi wa 1834 ulivyoruhusu, na mwaka waliouandika ulikuwa njia ya kusema kwamba hili ndilo toleo la mwisho lililoidhinishwa. Mfalme wa Siam na Sayyid Said walipewa kilicho bora zaidi ambacho kiwanda kile kingeweza kukitoa.

Safari, na visanduku viwili

Peacock iliondoka New York Aprili 1835. Ilitia nanga Unguja mwanzoni mwa Septemba, kisha ikaelekea kaskazini kumfuata Sayyid, aliyekuwa Maskati. Karibu na kisiwa cha Masirah, kwenye pwani ya Omani, ikakwama usiku juu ya mwamba wa matumbawe. Mizinga ikatupwa baharini ili chombo kipungue uzito. Roberts alichukua mashua ndogo na mabaharia wachache, akaenda nayo mpaka Maskati kuomba msaada, na Sayyid Said akatimiza kifungu chake: alituma chombo na watu, na baadaye mizinga ile ikaopolewa na kurudishwa kwa Wamarekani. Peacock ilinasuka na kufika. Hati zikabadilishana mikono mwishoni mwa Septemba na zawadi zikatolewa mwanzoni mwa Oktoba 1835. Daktari wa msafara, W. S. W. Ruschenberger, aliziorodhesha: miongoni mwake upanga, ramani ya Marekani, bendera, bunduki, taa za kioo, na seti ya sarafu za Marekani.

Seti ya Siam ilikabidhiwa Bangkok Aprili 1836. Seti nyingine mbili zilikuwa zimetayarishwa kwa ajili ya Cochin-China, yaani Vietnam ya leo, na Japani. Hizo hazikufika. Roberts aliugua njiani, akafariki Macau Juni 1836. Wataalamu wengi huhesabu kwamba Tai zenye 4 tupu zilizogongwa ni nne, na hesabu hiyo inakwenda sawa na seti nne.

Cha Siam kilionekana tena London mwaka 1962: kisanduku cha ngozi ya manjano, ndani yake mashimo yaliyokatwa kwa vipimo, na sarafu zimekaa mahali pake, dola na Tai zenye mwaka 1804 pamoja na wenzake wadogo wa 1834. Watafiti Eric Newman na Kenneth Bressett walikuwa wakati huo huo wanakamilisha utafiti uliofikia hitimisho lile lile kwa njia ya hati na mihuri. Kisanduku kikaja kulithibitisha kwa macho. Mwaka 2005 seti hiyo iliuzwa kwa dola milioni 8.5.

Chekundu cha Sayyid Said hakijatokea. Kuna dola ya fedha ambayo huuzwa kwa jina la Sultani wa Maskati, iliyokuwa kwenye mkusanyo wa C. A. Watters wa Liverpool, ikauzwa mnadani 1917, kisha 1999 kwa dola 4,140,000 na Agosti 2021 kwa dola 7,680,000. Uhusiano wake na Sayyid umejengwa kwa kukisia: ni nzuri mno, ilizuka Uingereza mapema, na ya Siam iko kwenye kisanduku chake. Dhana hiyo naiona ya busara, lakini hakuna barua wala risiti kutoka Maskati au Unguja iliyoifuata. Nisingekubali kulipa hata senti ya ziada kwa ajili ya jina hilo. Kwa Tai, hali ni ngumu zaidi. Hakuna hata moja iliyo nje ya kisanduku cha Siam yenye hati za kuifikisha mikononi mwa Sayyid.

Watu wa Zanzibar na Omani wana nafasi hapa ambayo Wamarekani hawana. Utafiti wa kisa hiki umefanywa karibu wote kwa karatasi za Washington na Philadelphia. Barua za Kiarabu za nyumba ya Sayyid, orodha za mirathi baada ya kufariki kwake baharini Oktoba 1856, na masimulizi ya familia ni upande wa pili wa mezani, na anayezisoma karatasi hizo kwa kazi nyingine afungue macho akikuta habari za sarafu za Wamarekani.

Tuiweke fungu gani

Wakusanyaji wamebishana kwa miaka. Wapo wanaoiweka Tai hii pamoja na Tai za 1804, kwa kuwa mwaka ndio uliogongwa juu yake. Wapo wanaoiita nakala iliyorudiwa. Mimi siafiki lolote kati ya hayo. Sarafu iliyorudiwa hutoka kwenye mihuri ya asili iliyochukuliwa tena baada ya muda, na hapa mihuri ilikuwa mipya kabisa. Na kuichanganya na 3,757 ambazo vitabu huzihesabia mwaka 1804 ni kuharibu historia ya pande zote mbili. Tai yenye msalaba inaeleza jinsi dhahabu ya Marekani ilivyokuwa inakimbilia Ulaya. Tai yenye 4 tupu inaeleza jinsi serikali changa ilivyotafuta heshima mbele ya watawala wa Bahari ya Hindi. Hizi ni sarafu mbili zenye kazi mbili, na miaka 30 imepita katikati.

Anayeanza kukusanya dhahabu za wakati huo asikimbilie 4 tupu, bei yake imekwishasema. Lakini njia ya kuitambua inafaa kwa kila Tai, Nusu Tai na Robo Tai ya miaka hiyo. Pima kwanza, kwani Tai ya zamani isiyochakaa haina sababu ya kuwa mbali na gramu 17.5. Kisha pembizo, kisha ukingo wenye mistari, halafu ndipo tarakimu na nyota. Nakala za kisasa za sarafu za 1804 zimejaa masokoni, nyingine za shaba iliyopakwa dhahabu. Sheria ya Marekani ya 1973 inataka nakala iandikwe wazi kwamba ni nakala, lakini viwanda vya nchi nyingine haviijali. Mtu akikuletea Tai ya 1804 yenye meno ya Scot lakini 4 haina msalaba, au yenye shanga na 4 ina msalaba, usiendelee na mazungumzo ya bei.

Kwenye orodha yangu ya marejeo nimeitoa kwenye ukurasa wa 1804 na kuiandika hivi: Tai, dola 10, Philadelphia, mwaka ulioandikwa 1804, mwaka uliogongwa 1834 na baada yake kidogo, tarakimu 4 tupu, pembizo ya shanga, ya onyesho, zawadi ya serikali kwa Siam na Maskati, seti mbili zaidi hazikukabidhiwa, ya Siam ipo, ya Sayyid Said inatafutwa.